Wakuu, kwa nini kiwanja changu cha bembea kinajaa sikukuu tu halafu kinakufa? Mdogo wangu msomi anasema kosa ni "maudhui"

#1 KakaWaUyole
Habari za jioni wakuu. Naombeni akili zenu.

Mwaka jana nilichanganya pesa ya kikoba na ya parachichi nikanunua jumba la hewa la watoto kurukia (jekundu na njano, lina mnara pembeni), trampolini moja, na fundi wa hapahapa Mbeya akanichomelea bembea ya kuzunguka yenye farasi sita. Nikakodi kiwanja Uyole, nikazungushia mabati. Krismasi nilifunga saa tatu usiku, watoto hawaishi. Mwaka Mpya vilevile. Tarehe 10 Januari nilishinda na watoto wanne, wawili wa kwangu mwenyewe. Idi wakafurika tena, wiki iliyofuata kimya. Na blowa haizimwi, maana ukizima tu mnara unainama kama mlevi na mzazi anayepita anajua umefunga.

Sasa mdogo wangu wa kike yuko Iringa anasoma uzamili. Tasnifu yake ni hizi bustani kubwa za burudani, akina Disneyland. Nilidhani ananitania, kumbe kuna maprofesa wamezeekea humo. Kaja likizo, kazunguka kiwanja dakika tano, kaniambia: "Kaka, una vyombo vya kuchezea, huna maudhui." Nikamuuliza, maudhui yanalipa petroli? Kaninunia mpaka leo.

Hawa wasomi wana cha kumfaa mtu wa Uyole, au ada yangu inaliwa?

#2 Kandoro_Mbichi
Nimevuta kigoda. Nasubiri wataalamu.

#3 SimbaWaMafiati
Maudhui tena? Jadili fani na maudhui ya jumba la hewa kwa kutumia hoja tatu. Alama 15.

#4 MwalimuLoleza
Simba, acha mzaha kidogo, dada wa watu hajakosea.

Mtu wanayemtegemea sana katika habari hizi ni Alan Bryman, mwanasosholojia Mwingereza aliyefundisha Leicester. Mwaka 2004 alitoa hoja kwamba tabia za bustani za Disney zimesambaa kwenye maduka, migahawa, hoteli, hata hospitali. Alitaja nne. Sehemu inavishwa hadithi fulani, hayo ndiyo maudhui anayosema dada. Biashara tofauti zinafungwa pamoja mpaka hujui umekuja kula, kununua au kucheza. Vitu vinauzwa vyenye sura au nembo ya mahali. Na mfanyakazi anafanya kazi kama anaigiza jukwaani.

Usiseme ni mambo ya wazungu. Pita Mwanjelwa uangalie baa zilizoezekwa makuti, ukuta umechorwa jahazi na mnazi, spika inapiga taarabu. Bahari iko zaidi ya kilomita 800! Mwenye baa hajamsoma Bryman, ila anajua mtu aliyevaa koti la baridi Julai atalipa zaidi akijisikia yuko Bagamoyo.

KakaWaUyole, wewe una la kwanza mpaka la nne sifuri.

#5 FundiWaSoweto
Mwalimu, umetuzunguka kwa maneno. Tatizo ni mbili, mfuko na hali ya hewa. Novemba mpaka Aprili mvua, Juni na Julai baridi ya kukata masikio. Mtoto gani atarukaruka kwenye plastiki iliyolowa? Na buku moja kwa dakika kumi, mama ana watoto watatu, hiyo ni nusu ya hela ya mboga ya wiki. Sikukuu watu wana hela, siku nyingine hawana. Mambo mawili hayo hayahitaji uzamili.

#6 Ngozi_Crater
Baridi si sababu, Fundi. Tivoli ya Copenhagen ipo tangu 1843 na kule theluji inaanguka. Na nje kidogo ya jiji hilohilo kuna Bakken, wanahesabu umri wake kuanzia 1583. Tena Walt Disney mwenyewe alikwenda kuiangalia Tivoli kabla hajajenga yake.

#7 FundiWaSoweto
@Ngozi_Crater na hao Wadenmaki wanalipwa mishahara ya Uyole?

#8 Ngozi_Crater
Hapo umenipata.

#9 BwanaTazara
Historia kidogo ili mleta mada asikate tamaa. Disneyland ndiyo bustani ya kwanza ya aina hii duniani, ilifunguliwa 1965 huko California. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Tiketi za kughushi zilijaa, watu wakaja maelfu kuliko waliotarajiwa, lami ilikuwa bado mbichi kiasi kwamba visigino vya akina mama vilizama. Mabomba ya maji ya kunywa mengine hayatoi kitu kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Leo ndiyo hiyo dunia nzima inaiga.

#10 MamaKukuNjombe
Marekebisho mawili BwanaTazara. Ni 1955, tarehe 17 Julai. Na si ya kwanza. Coney Island kule New York walikuwa na viwanja vya kuzungushiwa uzio na kulipia mlangoni tangu 1895, na Luna Park ikafuata 1903.

Na jirani tu na Disneyland, mji wa Buena Park, kuna watu walioanza na shamba. Hii nataka niisimulie vizuri, mnivumilie, maana ndiyo iliyonifanya nifuge kuku 200.

Walter Knott na mkewe Cordelia walikuwa wakulima wa matunda madogo yanayofanana na forosadi, wanauza kando ya barabara pamoja na jemu. Mwaka 1934, hali ya uchumi mbaya kwelikweli, Cordelia akaanza kukaanga kuku. Sahani za mwanzo alizopakulia wageni ni zile za harusi yake. Kuku akanoga, foleni ikawa ya masaa. Sasa utafanya nini na watu wanaosubiri masaa? Walter kuanzia 1940 akaanza kujenga kijiji cha zamani cha wachimba dhahabu pembeni, watu waangalie wakati wakisubiri meza. Hakutoza kiingilio! Uzio na tiketi ya mlangoni vilikuja 1968. Leo Knott's Berry Farm ina matreni ya kupinduka kichwa chini, na kuku yupo palepale.

Kwa hiyo KakaWaUyole, umeanza na bembea halafu unatafuta wateja. Yule mama alianza na kuku, wateja wakamtafuta, bembea ikaja kuwatuliza.

#11 SimbaWaMafiati
Kuku wa Njombe anatangazwa kisomi jamani 😂 Weka bei kabisa mama.

#12 MamaKukuNjombe
Njoo inbox mwanangu.

#13 Mnyalukolo_Kihesa
Kamwene wote.

Mimi namuunga mkono mama, ila nadhani siri haikuwa kuku, ilikuwa foleni. Foleni ina wasomi wake. David Maister aliandika 1985 kuhusu saikolojia ya kusubiri: muda usio na la kufanya unaonekana mrefu kuliko muda uliojaa, na kusubiri bila kujua mwisho kunachosha kuliko kusubiri ukijua. Ndiyo maana bustani hizi foleni inakunjwakunjwa kama nyoka, hauoni urefu wake, na njiani kuna vya kutazama.

Utotoni tulikuwa tunatumwa mashine ya kusaga. Mashine moja foleni fupi, mwenyewe mkali, hakuna pa kukaa. Nyingine ya mzee fulani, mbali zaidi, foleni ndefu, ila alikuwa na benchi chini ya mparachichi na redio, na draft ya vizibo vya soda. Sote tulikuwa tunapita ile ya karibu tunakwenda ya mbali, mama anashangaa unga unachelewa. Kakangu, kwenye kiwanja chako mzazi anakaa wapi?

#14 KakaWaUyole
@Mnyalukolo_Kihesa anasimama. Kuna tairi la Fuso pale, huwa wanaligombania.

#15 Kandoro_Mbichi
Tairi la Fuso 😂😂 na maudhui yako hayo.

#16 DadaWaLoji
Mimi naongelea namba nne ya Mwalimu, mfanyakazi kuigiza. Nilifanya kazi kambi moja ya watalii upande wa Ruaha miaka miwili. Tulifundishwa kutabasamu mpaka macho. Mgeni akifika saa nane usiku gari limeharibika, umeamshwa, umevaa khanga juu ya sare, unatabasamu na kitambaa cha uvuguvugu mkononi. Mwisho wa zamu mashavu yanauma kama umetafuna muwa.

Kumbe ina jina. Arlie Hochschild aliitafiti kwa wahudumu wa ndege, kitabu chake kikatoka 1983: kuuza hisia zako kwa mshahara. Na John Van Maanen, profesa wa Marekani aliyewahi kuendesha bembea Disneyland ujanani, ndiye aliyepaita kiwanda cha tabasamu. Kule mteja anaitwa mgeni, mfanyakazi anahesabiwa kama mwigizaji, na sare ni vazi la maigizo. Usisahau kuna mtu ndani ya lile vazi la Mickey, yule panya wa Disney, anatoka jasho.

#17 SimbaWaMafiati
Mnyalukolo atabasamu mpaka macho? Labda umdai.

#18 Mnyalukolo_Kihesa
Mtani, sisi tukicheka ujue kitu kinachekesha. Nyie kule Tukuyu mnacheka mpaka kwenye msiba, tena mnacheza ngoma.

#19 KijanaWaKyela
Ugonile. Ngoma ya msiba iacheni, hiyo ni heshima. Tukirudi kwenye mada, nadhani mnasahau utamaduni. Disney walipopeleka bustani Ufaransa 1992 walikataza divai kwenye migahawa ya ndani. Ufaransa! Mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine akaiita Chernobyl ya kiutamaduni, yaani janga kama ule mlipuko wa kinu cha nyuklia. Wafanyakazi walipangiwa mpaka urefu wa kucha, na ndevu zikakatazwa. Wakapata hasara wakafunga.

#20 Ngozi_Crater
Hawakufunga mkuu. Hasara kweli, madeni mpaka shingoni, lakini divai iliruhusiwa 1993, mwaka uliofuata jina likabadilishwa kuwa Disneyland Paris, na mwanamfalme Al-Waleed wa Saudia akaingiza pesa. Ipo mpaka leo na inajaza.

Na linganisha na Tokyo, iliyofunguliwa 1983. Wajapani walisema wanataka ya Kimarekani kamili, msitubadilishie, na wakaipenda tangu mwanzo. Tena mwenye mali ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land, Disney wanalipwa mrabaha tu. Mtafiti Aviad Raz aliandika kwamba Wajapani hawakumezwa, bali waliichukua wakaifanya yao. Kwa hiyo "utamaduni" unaeleza Paris kuanguka na unaeleza Tokyo kupaa. Sababu inayoeleza kila kitu mimi naiogopa.

#21 MwalimuLoleza
Ngozi umeandika vizuri. Ila labda ni hali ya uchumi ya Ulaya mwaka ule pia, na hoteli nyingi walizojenga kwa mkopo. Watafiti mpaka leo wanabishana.

#22 DalaliWaUyole
Nyote mnaimba kwaya. Pesa haipo kwenye bembea, ipo kwenye ardhi ya jirani.

Walt Disney alinunua ekari 160 za michungwa pale Anaheim. Na eneo hakulichagua kwa ndoto. Mwaka 1953 alimlipa mtafiti, Harrison Price wa Stanford Research Institute, akapiga hesabu ya idadi ya watu, hali ya hewa na barabara kuu zinakoelekea. Bustani ikajaa. Nani alifaidi? Wenye moteli waliojenga ukutani kwake! Ndiyo maana alipokwenda Florida alinunua zaidi ya ekari 27,000 kimyakimya kwa kutumia kampuni zenye majina ya kuficha. Siri ilipotoka 1965 bei za viwanja zikaruka. Bustani yenyewe ilifunguliwa Oktoba 1971, yeye akiwa ameshafariki.

KakaWaUyole umekodi kiwanja. Siku ukifanikiwa, mwenye kiwanja atapandisha kodi na muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara atakula faida yako. Nina viwanja vitatu Isyesye, hati safi.

#23 SimbaWaMafiati
Nilijua tu mwisho wa utafiti kuna viwanja vitatu Isyesye.

#24 Mjukuu_wa_Kalenga
Kuna aliyewahi kufikiria maudhui ya kwetu? Mkwawa, vita ya Lugalo 1891, ngome ya Kalenga. Jengeni ngome, vijana wavae mavazi ya vita, watoto washike mikuki ya mbao, tiketi elfu tano. Nani atakwenda kuangalia panya?

#25 MzeeWaIsimila
Mjukuu wangu, taratibu.

#26 Mjukuu_wa_Kalenga
Shikamoo mzee. Nimekosea wapi?

#27 MzeeWaIsimila
Marahaba. Hujakosea, ila sikia.

Mimi nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka saba Kalenga. Njia nzima kwenye daladala anapiga kelele, ananyonya barafu ya rangi, mikono inanata. Tulipofika mbele ya lile fuvu la Mkwawa hakuna aliyemwambia kitu. Akavua kofia mwenyewe, akaificha ile barafu mgongoni, ikamdondokea kwenye soksi mpaka tunatoka. Fuvu lile lilichukuliwa na Wajerumani, likarudi 1954. Sasa nikiweka jumba la hewa hapo nje, yule mtoto bado atavua kofia?

Afrika Kusini walishajaribu. Mwaka 1992 Sol Kerzner alifungua pale Sun City kitu kinaitwa Lost City, kasri na magofu ya taifa la kale la Kiafrika ambalo halijawahi kuwapo. Lina daraja linalotikisika kama tetemeko, na ufuko wa mawimbi ya mashine. Mwanaakiolojia Martin Hall wa Cape Town aliandika akalalamika kwamba ni kufufua hadithi za kikoloni, kwamba ustaarabu mkubwa Afrika lazima uwe umepotea au wa wageni. Watu wanajaa pale, sikatai. Lakini wao angalau walitunga uongo. Wewe unataka kukatia tiketi marehemu.

#28 Mjukuu_wa_Kalenga
Mzee nimekuelewa nusu. Maana Johannesburg hukohuko kuna Gold Reef City, bustani ya burudani juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na mlango wa jirani kuna Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi, 2001. Yamejengwa kwa sababu walioomba leseni ya kasino walitakiwa waweke na kitu cha jamii. Mtoto anaweza kutoka kwenye treni la kupaa akaingia kwenye historia inayomliza. Bila kasino makumbusho yale pengine yasingekuwapo. Na sisi historia yetu inakaa kimya kwa sababu haina pesa.

#29 MzeeWaIsimila
Kimya si kufa.

#30 DadaWaLoji
Hii ya mzee na mjukuu ingekuwa uzi wake kabisa. Mimi siko upande wowote, ila ile barafu kwenye soksi imenigusa.

#31 BwanaTazara
Kuna Mfaransa Jean Baudrillard aliandika 1981 kwamba Disneyland ipo ili watu waamini kwamba nje ya uzio ndiko kwenye ukweli, wakati Marekani yote ni igizo vilevile. Nikafikiria maonyesho ya Nanenane viwanja vya John Mwakangale. Ng'ombe aliyeogeshwa, mahindi yaliyopangwa mstari kama gwaride, bwana shamba kavaa shati jipya. Halafu unarudi shambani kwako unakuta viwavijeshi.

#32 FundiWaSoweto
Kumbe umeleta sababu yangu bila kujua. Nanenane inajaa kwa sababu ni mara moja kwa mwaka. Ingekuwa kila wiki nani angekwenda? Kaka huyu ajenge kwa ajili ya sikukuu tu, afunge miezi mingine, alishe farasi zake pumba.

#33 MamaKukuNjombe
Wafanyabiashara wa bustani hizi hawajengi kwa siku ya kufurika, wala kwa siku ya kawaida. Wanachagua siku ya katikati, iliyochangamka kiasi, wanapimia hapo. Ukijenga kwa Krismasi, Februari utakula mabati.

#34 KakaWaUyole
Nawashukuru wote. Nimemsomea mdogo wangu uzi mzima kwa simu. Amecheka, kanisamehe, ila kasema MwalimuLoleza amesahau Bryman alikuwa anajibizana na George Ritzer, yule wa 1993 aliyesema dunia inafanana na mgahawa wa McDonald's: haraka, vipimo, kila kitu kilekile. Sijui inanisaidia nini lakini kasema niandike.

#35 MwalimuLoleza
Mwambie nimepokea. Alama moja imekatwa.

*(Wiki tatu baadaye)*

#36 KakaWaUyole
MREJESHO wakuu.

Nimeondoa tairi. Nimeweka mabenchi matatu na turubai juu. Mama mzazi amekubali kuja Jumamosi na Jumapili na jiko lake, viazi vya kukaanga na kuku, na chai ya tangawizi. Mdogo wangu naye kaja na rangi, kachora kwenye mabati hadithi ya kimondo cha Mbozi kinashuka kutoka mbinguni, jumba la hewa kalibatiza "Kimondo". Kijana wangu mkubwa anasimama mlangoni anahesabu kumi mpaka sifuri, halafu watoto wanaruhusiwa kuanguka.

Jumamosi ya kwanza chai na viazi vimeingiza zaidi ya tiketi. Sijawahi kuona mzazi anaomba mtoto aongezewe dakika kumi ili yeye amalize kikombe. Jumapili ikanyesha kuanzia saa saba, tukala viazi wenyewe. Jumamosi ya pili wakaja nusu yao. Ya tatu, juzi, wakajaa.

Watoto bado wanaliita "lile jekundu". Hakuna hata mmoja aliyesema Kimondo.

#37 Mnyalukolo_Kihesa
Benchi hilo! Nilisema mimi.

#38 MamaKukuNjombe
Benchi lipi, kuku huyo.

#39 FundiWaSoweto
Juzi ilikuwa tarehe 28. Mishahara imetoka. Hamwoni?

#40 DadaWaLoji
Na yule kijana anayehesabu mnamsahau. Analipwa?

#41 KakaWaUyole
@DadaWaLoji analipwa viazi.

#42 DalaliWaUyole
Mwenye kiwanja ameshaanza kupita pita hapo?

#43 KakaWaUyole
Alikuja juzi. Alikunywa chai vikombe viwili, akauliza mabenchi nimenunua wapi.

#44 DalaliWaUyole
Nakupigia sasa hivi.

#45 Kandoro_Mbichi
Mimi nina swali moja tu, hivyo viazi ni vya Isyonje au vya wapi?